Huyu ni Ndugu Yetu: Kwa Nini Tunamrudisha Kiongozi Aliyetuumiza

Mafundisho ya Jumapili asubuhi, Kituku, Goma
Masomo: Waamuzi 9, 1 Samweli 12:1-5, Kutoka 18:21



 Wapendwa, leo tunasema na ninyi wa Kituku: mama zetu wauza sambaza, vijana wa chukudu, wabeba mizigo wanaongoja boti za Idjwi na Minova kabla jua halijatoka, na watoto wanaochota maji ziwani kwa bidoni za njano. Neno la leo ni lenu kwanza.

Tarehe 20 ya mwezi wa 12, 2023, tulipanga mistari mbele ya mashine za kupigia kura hapa Goma. Siku ile tulichagua Rais wa Jamhuri, wabunge wa Kinshasa, wabunge wa jimbo na washauri wa komine. Ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru hawakupata hata nafasi hiyo, kwa sababu ya vita. Wengi wao walikuwa hapa kati yetu, kwenye kambi zilizouzunguka mji.

Tangu hapo kuna swali linalotufuata kila mahali. Tunaulizwa mlangoni mwa kanisa, tunaulizwa sokoni: "Watumishi, mbona watu wanamrudisha mtu yule yule? Miaka mitano wanamlalamikia, wanamtukana kwenye taksi, halafu siku ya kura wanampa tena. Tumelogwa?"

Hapana, wapendwa. Hakuna uchawi hapa. Na kabla hatujaendelea, tuseme mambo mawili. La kwanza: leo hatutataja chama, wala jina la mtu aliye kazini. Hukumu ya mtu ni ya mahakama, na juu ya mahakama yuko Mungu. La pili: hatutasema kwamba mpiga kura ni mjinga. Mama anayeweza kuhesabu faida ya ndoo ya sambaza gizani, bila karatasi wala kalamu, si mjinga. Akimrudisha kiongozi mbaya, ana sababu zake. Tuzisikilize sababu hizo kwanza, kisha tuzipime kwa Neno.

WATU WA SHEKEMU

Katika Waamuzi sura ya 9 kuna mji unaitwa Shekemu, na kuna mtu anaitwa Abimeleki. Baba yake ni Gideoni, yule shujaa aliyewashinda Wamidiani. Mama yake ni mwanamke wa Shekemu. Gideoni alipokufa, Abimeleki alitaka utawala. Alianza kampeni yake wapi? Kwa wajomba zake. Aliwaomba waseme na wakubwa wa mji: kipi kitawafaa zaidi, kutawaliwa na wana 70 wa Gideoni, au na mtu mmoja? Tena wakumbuke kwamba yeye ni mfupa wao na nyama yao.

Mioyo ya wakubwa wa Shekemu ikamwelekea. Kwa nini? Biblia inatoa sababu moja tu, katika mstari wa 3: walisema kwamba ni ndugu yao. Hawakuuliza amefanya kazi gani. Hawakuuliza anatafuta nini.

Kisha wakampa vipande 70 vya fedha kutoka katika nyumba ya mungu wao, Baal-berithi. Angalieni fedha hizo zimetoka wapi: kwenye hazina ya mji wenyewe. Naye akazitumia kuwakodi watu ovyo, vijana wasio na kazi, wakamfuata. Akaenda nao Ofra, akawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Vipande 70 kwa ndugu 70: ukigawa, kila maisha yalilipiwa kipande kimoja. Akabaki Yothamu, mdogo wa wote, aliyejificha.

Yothamu akapanda mlima Gerizimu, akawapigia kelele watu wa Shekemu kwa mfano wa miti. Miti ilitaka mfalme. Ikauendea mzeituni, ukakataa, haukutaka kuacha mafuta yake. Ikauendea mtini, ukakataa, haukutaka kuacha utamu wake. Ikauendea mzabibu, nao ukakataa. Mwisho ikauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukaialika miti yote kukaa chini ya kivuli chake. Wapendwa, mti wa miiba una kivuli gani?

Ndani ya habari hii zimo sababu zote tunazozisikia hapa Kituku. Tuzitaje moja baada ya nyingine.

SABABU YA KWANZA: "NI WETU"

Mtu anasema: "Najua ameiba, lakini ni mtoto wa kwetu. Asipokuwepo yeye, nani atatusemea kule Kinshasa?" Tusilicheke neno hili. Katika jimbo ambalo vita haijaondoka tangu wengine wetu tulipokuwa watoto, mtu anatafuta ukuta wa kujiegemeza. Anaogopa kwamba mtu wa kabila lingine akipata kiti, yeye atafukuzwa kwenye shamba lake. Hofu hiyo ina historia, na ina makaburi.

Lakini tuulize tena: huyo wetu, je, sisi ni wake? Shekemu walisema Abimeleki ni ndugu yao. Basi someni mpaka mstari wa 45. Baada ya miaka mitatu, ndugu yao aliupiga mji wao, akawaua watu waliokuwamo, akaubomoa, akamwaga chumvi juu yake. Mji wa mama yake! Aliyewaua ndugu wa upande wa baba hakushindwa kuwaua ndugu wa upande wa mama. Mtu anayemla mwingine kwa faida yako, siku moja atakula na wewe, kwa sababu alichokipenda ni kula.

SABABU YA PILI: "AMETUPA KITU"

Hapa mama zetu wanasema wazi, na tunawashukuru kwa ukweli wao. Wanasema: "Pastori, kilo ile ya chumvi niliiona kwa macho. Kitenge nilikivaa. Mwingine aliniahidi barabara, na barabara sijaiona. Wote wataniahidi na wote watanisahau. Basi afadhali nimchague yule ambaye kitu chake kilifika nyumbani." Wahenga nao walisema mkono mtupu haulambwi.

Ni hesabu ya mtu maskini, na ina akili ndani yake. Leo chumvi ni hakika, kesho barabara ni maneno. Lakini hesabu hiyo ina shimo moja, na sisi tunaamini kwamba shimo hilo ndilo kiini cha mambo yote. Kitu anachokupa kwa mkono, unakiona. Kitu anachokunyima kwa kalamu, hukioni. Kilo ya chumvi ina uzito, unaibeba. Lakini bomba la maji ambalo halikuwekwa halina uzito. Swali ambalo halikuulizwa bungeni halina sauti. Fedha ya kivuko iliyopotea njiani haina harufu. Kwa hiyo mtu anaweza kukupa kidogo mbele ya watu wote na kukunyima kikubwa pasipo mtu kujua, nawe ukamwita mwema.

Hicho usichokiona kinaonekana siku gani? Wapendwa, ninyi wa Kituku mnajua.

Tarehe 3 ya mwezi wa 10, 2024, boti Merdi ilitoka Minova, ikapinduka hapa mbele ya kivuko chetu, watu wa nchi kavu wakiitazama. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ndani yake walikuwamo watu 278, na kwamba waliokufa hawakupungua 78. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Walipanda kwa sababu barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita tangu mwezi wa 2 wa mwaka ule, na mtu wa Minova mwenye mzigo wa kuuza hakuwa na njia nyingine ila maji.  Maji hayakuuliza nani ni wetu na nani si wetu.

Hatusemi kwamba mbunge fulani aliizamisha. Kuzichunguza sababu za ajali ile si kazi yetu. Lakini kumbukeni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa 4 wa mwaka 2019 boti nyingine ilizama katika ziwa hili hili, upande wa Kalehe, na zaidi ya watu 100 hawakuonekana. Rais alikuja mwenyewe kuwafariji wenye msiba, na amri ikatolewa kwamba kila msafiri avae jaketi ya kuokoa. Kutoka amri ile mpaka Merdi ni miaka mitano na nusu. Ni kazi ya nani kufuatilia amri ya leta isife? Ni nani mwenye haki ya kumwita waziri na kumwuliza: jaketi ziko wapi, nani anahesabu abiria, fedha ya kivuko imefanya nini? Katiba imempa mbunge kazi hiyo: kuuliza maswali kwa mdomo au kwa maandishi, kumwita waziri ajieleze, kudai tume ya uchunguzi. Hiyo ndiyo kazi tuliyomwajiri kuifanya. Chumvi si kazi yake. Chumvi inauzwa dukani.

Vilevile maji. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 mwezi wa 5, 2021 iliharibu tangi na mabomba, lakini hata kabla ya lava watoto wa Kituku walikuwa wanachota ziwani. Mpaka leo, pale penye klorini kidogo kwenye bidoni tunashukuru, na pale pasipo klorini tunaogopa kipindupindu. Mtoto anayelazwa kwa kuharisha, mama yake hafikirii kura. Anafikiria dawa. Ndiyo maana yule anayenyima bila kuonekana anaendelea kupata sifa: ugonjwa hauna sahihi yake chini.

SABABU YA TATU: "HUYU AMESHIBA"

Sababu nyingine tunaisikia hata kwa wasomi. Wanasema: "Wote ni wezi. Huyu wa zamani amekwisha kujenga nyumba, amekwisha kununua magari. Mpya anakuja na njaa yake. Tumwache huyu aliyeshiba." Wahenga wetu nao walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Tuliangalie vizuri neno hilo. Zimwi linalokujua halikumalizi, lakini linakula! Kila siku linakula kidogo, nawe unashukuru kwa mguu uliobaki. Je, Mungu alituumba tuwe chakula cha zimwi lenye kiasi? Na tena, nani ameona mwizi aliyeshiba? Mhubiri 5:10 inatufundisha kwamba anayependa fedha hatashibishwa na fedha. Njaa ya mwizi haiko tumboni, kwa hiyo haiishi kwa chakula.

SABABU YA NNE: MTI MWEMA UMEKATAA

Hapa Neno linaligusa kanisa lenyewe. Mzeituni, mtini na mzabibu, kila mmoja ulikuwa na kazi nzuri, na kila mmoja ulikataa. Mwalimu mwaminifu anasema: siasa ni uchafu. Mfanyabiashara mwaminifu anasema: nitapoteza wateja. Mama kiongozi wa soko, ambaye wenzake wanamkabidhi fedha za likelemba bila woga, anasema: mimi sina mtu Kinshasa. Na ni kweli kwamba mlango ni mwembamba: kuna dhamana ya kulipa isiyorudishwa, kuna orodha ya chama, kuna gharama ya kampeni. Mwaka 2023 watu zaidi ya 25,000 waligombea ubunge wa taifa, na viti ni 500 tu. Mpiga kura anasimama mbele ya mashine, sura zinapita, zinapita, na katika zote anaitambua moja: ile aliyoiona kwenye kitenge. Basi anaibonyeza. Je, tutamlaumu yeye peke yake? Mti wa miiba haukuiba kiti. Uliachiwa.

Tukikataa kwa sababu ya utakatifu wetu, tusilie kwamba kivuli kina miiba.

TUSIMBADILISHE MTU TU

Mtu mmoja atasema: "Amina! Basi mara ijayo tutawafukuza wote." Ngojeni. Shekemu nao walimchoka Abimeleki. Akaja mtu mwingine anaitwa Gaali mwana wa Ebedi, pamoja na ndugu zake, nao wakamtumaini. Gaali alifanya nini? Katika sikukuu ya mavuno, watu wakila na kunywa, alimtukana Abimeleki kwa sauti kubwa: huyu ni nani hata tumtumikie? Laiti watu hawa wangekuwa mkononi mwangu! Watu walimpenda kwa matusi yake. Siku ya vita alishindwa, na waliokufa ni wao.

Tumeona mambo haya katika nchi yetu. Yupo anayeanguka kwenye uchaguzi, na anayeingia anaanza pale pale alipoishia mwenzake, kwa sababu watu walibadilisha mtu bila kubadilisha kipimo. Aliyemshinda mwenzake kwa kilo mbili za chumvi badala ya moja, atatawala kwa sheria ya chumvi.

Na mwenye kununua, mwisho huuza. Mwezi wa 3 wa 2019, wabunge wa majimbo yetu walipochagua maseneta, shutuma za kuuziana kura zilikuwa kubwa hata Rais wa Jamhuri akasimamisha kwa muda kuwekwa kazini kwa maseneta wale. Na baada ya uchaguzi uliopita, tarehe 5 ya mwezi wa 1, 2024, Tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa shutuma za udanganyifu, hongo, kukamata mashine za kura na kuwatisha wapiga kura. Wengine walikwenda mahakamani kujitetea, na hiyo ni haki yao. Lakini swali linabaki: mtu anayekamata mashine ya kura ana haja gani na kura yako? Na anayeinunua kura yako, atakusikiliza kwa nini? Amekwisha kukulipa. Deni limeisha.

Msidhani ni Kongo peke yake. Mwaka 1904 katika mji wa Boston, Marekani, palikuwa na mwanasiasa anaitwa James Michael Curley. Alikamatwa kwa kufanya mtihani wa kazi ya serikali kwa jina la mtu mwingine, aliyekuwa mpiga kura wake. Akafungwa. Akiwa gerezani, watu wa mtaa wake walimchagua kuwa mshauri wa mji. Walisemaje? Kwamba alifanya kosa lile kwa ajili ya rafiki. Walikuwa wahamiaji maskini, wenye vyeo waliwadharau, na mtu huyu aliwatafutia kazi na kuwajulia hali. Baadaye akawa meya mara nne, na mwaka 1947 akafungwa tena, akiwa bado meya. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya 2010 sura nzima, ya 6, juu ya uadilifu wa viongozi. Hata hivyo, kule nako watu wenye kesi mahakamani wameendelea kugombea, na wengine kushinda. Sheria njema inasaidia, lakini haiingii pamoja na mpiga kura ndani ya kibanda. Mle anaingia na moyo wake peke yake, na Mungu anayeuona.

KIPIMO CHA SAMWELI

Basi tupime kwa nini? Katika 1 Samweli 12, mzee Samweli anamaliza kazi yake. Hakusema: nimewapa nini? Aliwauliza watu, mbele za Bwana na mbele ya mfalme mpya: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa kwa mkono wa nani ili nifumbe macho? Nishuhudieni, nami nitarudisha. Watu wote wakajibu kwamba hakumdhulumu mtu yeyote.

Mmeona tofauti? Sisi hapa tunauliza: ametupa nini? Samweli anataka tuulize: ametwaa nini? Kiongozi wa kweli anahesabiwa kwanza kwa vile ambavyo hakuchukua, maana mkono ambao haukuchukua ndio unaoacha kitu cha watu wote kibaki. Na katika Kutoka 18:21, Yethro alimpa Musa alama nne za mtu wa kuchaguliwa: anaweza kazi, anamcha Mungu, ni mkweli, na anachukia faida ya dhuluma. Hakutaja kabila. Hakutaja kitenge.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusingoje uchaguzi ujao. Kikao cha Bunge la Kinshasa kinafungwa tarehe 15 ya mwezi wa 12, na kingine hakifunguliwi mpaka tarehe 15 ya mwezi wa 3. Miezi hiyo mitatu ni nafasi ya wabunge kurudi kwa watu wao. Tuliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 ya mwezi wa 5, 2021, na wengi walisema basi waliochaguliwa hawana la kufanya. Lakini utawala huo ulikuwa ukirefushwa kila siku 15 kwa kibali cha Bunge, kwa mikono ya wale tuliowatuma. Basi wakija, vyama vya akina mama wa soko, vyama vya wavuvi, vijana wa chukudu, viongozi wa kartiye, waalikeni. Msiwaimbie kwanza. Waulizeni kwa heshima: "Mheshimiwa, tangu Merdi izame, umeuliza swali gani bungeni? Lini? Ulijibiwa nini?" Andikeni jibu kwenye daftari, na tarehe. Daftari lile litunzwe kama daftari la likelemba. Siku ya kampeni, lifungueni mbele ya watu wote.

Pili, mama mwenye njaa akipewa chumvi, kura yake haijauzwa kwa kuwa chumvi imeingia chunguni. Hana deni kwa mtu wa kampeni. Lakini asiape, asiweke ahadi kwa jina la Mungu, na asipeleke jina lake kwenye orodha ya kununuliwa. Na aliye na uwezo wa kukataa, akatae, ili aliye dhaifu apate nguvu kwa kumwona. Kutoka 23:8 inatuonya kwamba zawadi ya namna hiyo hupofusha hata macho yanayoona.

Tatu, mimbari haiuzwi. Mwanasiasa akija kusali, akaribishwe, akae kwenye benchi kama sisi wote, aombewe. Lakini mabati ya kanisa, viti na vyombo vya muziki visiwe bei ya kumsimamisha mbele kusema kwamba Mungu amemchagua. Kanisa lililopokea mabati ya Abimeleki litapata wapi sauti ya Yothamu? Afadhali tunyeshewe na mvua tukiwa na mdomo.

Nne, tuitafute mizeituni. Katika seli zetu, katika shule zetu, katika soko hili, wamo watu wanaoaminiwa na fedha ya wengine na hawajawahi kupunguza hata franka 100. Tusiwaambie kwamba siasa ni ya shetani. Tuwaombee, tuwasukume, na tukusanye sisi wenyewe franka zetu kidogo kidogo kwa ajili ya gharama zao. Kiongozi aliyeinuliwa na franka za watu wengi anajua bosi wake ni nani.

Wapendwa, wapo watakaosema: kura moja ya muuza sambaza itafanya nini? Someni mwisho wa habari ya Abimeleki. Majeshi hayakummaliza. Alipoukaribia mnara wa Thebesi, mwanamke mmoja, ambaye Biblia haikuandika jina lake, alimwangushia kichwani jiwe la kusagia. Kitu cha jikoni! Sisi hatuhubiri mawe, na hatumtakii kifo mtu yeyote. Nchi hii imekwisha kuzika vya kutosha. Lakini tunajua kwamba Mungu alitumia kile alichokuwa nacho mwanamke yule mkononi. Wewe unayo kura, unalo swali, unalo daftari. Mama wa Kituku, usivione vidogo.

KWA KUTAFAKARI NYUMBANI NA KATIKA SELI

1. Kiongozi tunayemsifu, tunamsifu kwa alichotupa au kwa ambacho hakuchukua?
2. Katika kartiye yetu, ni nani mzeituni uliokataa? Nani atakwenda kuzungumza naye?
3. Nani atashika daftari la maswali mpaka tarehe 15 ya mwezi wa 3?

TUOMBE

Baba wa mbinguni, tunawakumbuka mbele zako wale waliolala katika maji ya Kivu, na watoto waliobaki bila mama. Futa machozi yao. Fungua macho yetu tuone kile tunachonyimwa kimya kimya, kama tunavyoona kile tunachopewa mbele ya watu. Wape viongozi wetu woga wako. Waliotwaa, wape moyo wa kurudisha, kama Zakayo. Waliojificha kwa woga, waite kwa majina yao. Ulinde mji wetu wa Goma, uwarudishe waliohama kwenye mashamba yao, utupe amani. Ni katika jina la Yesu Kristo tumeomba.

Amina.